Nani Anausoma Moyo wa Mke?



Hadithi ninayoanza nayo ina maneno kama elfu moja tu. Unaweza kuimaliza ukisubiri chai ipoe. Kate Chopin aliiandika Aprili 1894 mjini St. Louis, jimbo la Missouri, na Desemba ya mwaka huo jarida la Vogue likaichapa. Leo inajulikana kama The Story of an Hour, yaani Hadithi ya Saa Moja. Wengi wenu mmeisoma, lakini niruhusuni niisimulie upya, kwa sababu hoja yangu yote imejificha kwenye sentensi yake ya mwisho.

Bi Louise Mallard ana maradhi ya moyo. Zinafika habari kwamba treni imepata ajali, na jina la mumewe Brently liko juu kabisa kwenye orodha ya waliokufa. Dada yake, Josephine, anamwambia kwa kuzungukazunguka, akichelea moyo wake. Richards, rafiki wa mume, yupo karibu. Louise analia palepale, kilio cha ghafla, mikononi mwa dada yake. Kilio kikitulia anapanda chumbani peke yake, anafunga mlango, anakaa kwenye kiti kilichoelekea dirisha lililo wazi. Nje majira yanabadilika: vilele vya miti vinachipua, kuna harufu ya mvua, mchuuzi ananadi vitu vyake barabarani, shomoro wanapiga kelele. Na hapo, polepole, linamjia jambo ambalo kwanza analiogopa na kujaribu kulisukuma. Yuko huru. Anaitazama miaka iliyo mbele yake na kuona kwamba yote itakuwa yake.

Josephine anabisha mlango akidhani dada yake anajidhuru. Louise anatoka, wanashuka ngazi wameshikana. Mlango wa mbele unafunguliwa kwa ufunguo, na anaingia Brently, amejaa vumbi la safari, mkononi begi na mwavuli. Hakuwa karibu na ajali, wala hakujua kwamba kuna ajali. Louise anaanguka. Madaktari wanafika, wanampima, wanatoa jibu: ameuawa na furaha.

Kila ninapoifundisha hadithi hii naulizwa kwa nini Chopin alimuua. Wapo wanaosema aliwaogopa wahariri: mwanamke anayefurahia ujane, hata kwa dakika chache, asingechapwa bila kuadhibiwa. Inawezekana. Wapo wanaosema ni kejeli tu, mwandishi anacheza na msomaji. Mimi naona Chopin aliihitaji maiti ile ili madaktari waingie ndani. Bila maiti hakuna taarifa ya daktari, na bila taarifa ya daktari hadithi hii ni ya mwanamke aliyeota mchana kisha akazinduka. Ile taarifa ndiyo inayotuonyesha kilichokuwa kikiendelea nyumbani humo muda wote. Watu wenye mamlaka ya kusema kilichomo moyoni mwa mwanamke huyu wamesema, wameandika, na wamekosea. Wala hakuna atakayewakosoa, kwa sababu aliyejua amekufa.

Hadithi za namna hii tumezoea kuziita hadithi za waume wabaya. Nawaomba mnionyeshe ubaya wa Brently. Chopin anatuambia kwamba uso wake haukuwahi kumtazama mkewe ila kwa upendo, na kwamba Louise anajua atalia tena atakapoiona mikono ile imekunjwa kwa ajili ya maziko. Kuhusu mapenzi ya Louise kwake, tunaambiwa bila kificho kwamba yalikuja na kuondoka, na zaidi yaliondoka. Anachokipumulia pale dirishani ni kuondokewa na utashi wa mtu mwingine juu ya utashi wake, uwe wa ukatili au wa huruma. Tena Chopin yuko makini: anawataja wanaume na wanawake pamoja kuwa ndio wanaodhani wana haki ya kumkunja mwenzao. Brently hakosi kwa kuwa Brently. Anakosa kwa kuwa mume, kwa maana ambayo zama zile ziliipa kazi hiyo.

Hiyo maana ilikuwa imeandikwa kwenye sheria. Chopin aliolewa mwaka 1870, akiwa na umri wa miaka 20, akaenda kuishi Louisiana, jimbo ambalo sheria zake za ndoa zilitokana na zile za Ufaransa: mke alihitaji idhini ya mume hata kufunga mkataba. Mwaka 1882 mumewe, Oscar, akafa kwa malaria katika kijiji cha Cloutierville, akamwachia watoto sita na madeni. Akaendesha duka na mashamba kwa muda, kisha akarudi St. Louis kwa mama yake. Hakuolewa tena. Mama yake naye alikuwa mjane: mwaka 1855 baba yake Kate aliabiri treni ya kwanza iliyojaribu kuvuka daraja la mto Gasconade, daraja likavunjika. Kate alikuwa na miaka mitano. Tangu hapo alilelewa katika nyumba ya wajane watatu, mama, bibi na mama wa bibi, wote wakisimamia mambo yao wenyewe.

Sitaki kuifanya hadithi iwe wasifu. Mwandishi si karani wa maisha yake. Lakini nani mwingine wakati ule angejua vizuri kuliko Chopin kwamba mke na mjane walikuwa watu wawili tofauti mbele ya sheria, hata kama ni mwanamke yuleyule, kwenye nyumba ileile, juma moja na jingine? Pale dirishani Louise halengi mwanamume mwingine wala mji mwingine. Amehama kundi moja la kisheria na kuingia jingine. Kisha ufunguo ukageuka mlangoni.

Miaka miwili kabla ya Hadithi ya Saa Moja, Januari 1892, Charlotte Perkins Gilman alichapisha The Yellow Wallpaper, hadithi ya karatasi ya manjano iliyobandikwa ukutani. Huko mume na daktari ni mtu mmoja. John amempangishia mkewe jumba la kifahari kwa miezi mitatu ya kiangazi ili apumzike, kwa sababu tangu ajifungue hana raha. Amempa chumba cha juu ambacho zamani kilikuwa cha watoto, chenye vyuma madirishani na kitanda kilichopigiliwa misumari sakafuni. Amemkataza kuandika. Tunachosoma ni maandishi yake ya siri, anayoyaficha kila asikiapo hatua za mtu. Mwanamke huyu hana mlango wa kukatia rufaa: akiugua, mume atamwita daktari, na daktari ni mume. Kaka yake pia ni daktari na anakubaliana na shemeji yake. Basi anabaki na ukuta. Anaanza kuona mwanamke anayetambaa nyuma ya michoro ya karatasi ile, akitikisa michoro kama mtu anayetikisa nondo. Mwishowe anaibandua karatasi, na yeye mwenyewe ndiye anayetambaa. John anaingia, anazimia. Mkewe anampita kwa juu na kuendelea na mzunguko wake wa chumba.

Gilman hakubuni dawa ile. Mwaka 1887, miaka miwili baada ya kumzaa binti yake, alipelekwa kwa Silas Weir Mitchell wa Philadelphia, daktari mashuhuri wa mishipa ya fahamu. Tiba yake kwa wanawake ilikuwa kulala, kulishwa sana, kukandwa, na kutofikiri. Gilman alirudishwa nyumbani na maagizo: aishi maisha ya nyumbani kadiri iwezekanavyo, asishughulishe akili zaidi ya saa mbili kwa siku, na asiguse kalamu, brashi wala penseli maisha yake yote. Alitii kwa muda wa miezi mitatu hivi, akakaribia kurukwa na akili, akayatupilia mbali maagizo na kurudi kazini. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimpelekea daktari yule nakala ya hadithi. Hakujibiwa.

Hapa nimkumbushe msikilizaji mgonjwa mwingine, wa huku kwetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi kwa ajili ya binti yake, naye hali yake ya afya ilikuwa mbaya. Tunaujua utendi huo kama kitabu cha utii wa mke, na wapo wanaousoma kwa kukunja uso. Nawaelewa. Lakini tazameni amekaaje mtunzi. Mgonjwa ameagiza wino na karatasi mwenyewe, anaeleza ugonjwa wake mwenyewe, anaieleza ndoa kama alivyoijua yeye, na hakuna tabibu aliyesimama kati yake na msomaji. Anachosema kuhusu waume kingemkasirisha Gilman. Alichonacho ndicho Gilman alichonyang'anywa. Mtu asiniambie kwamba safari ya mwanamke kwenye fasihi ni ngazi moja inayopanda kutoka Pwani ya kale kwenda Amerika ya kisasa.

Nilitaka kuzungumza kwa urefu zaidi kuhusu hadithi ya tatu, kwa sababu ndiyo niipendayo na ndiyo inayonisumbua.

Desemba 1900, karibu na mji wa Indianola jimboni Iowa, mkulima John Hossack alipigwa shoka kichwani akiwa kitandani. Mkewe Margaret alisema alikuwa amelala pembeni yake na hakuona mtu. Akashtakiwa. Mwandishi wa gazeti la Des Moines Daily News aliyepelekwa kufuatilia kesi alikuwa msichana wa miaka ishirini na ushee, Susan Glaspell. Ripoti zake za mwanzo hazikumhurumia sana mama huyo. Majirani walijua kwamba nyumba ile haikuwa na amani, na walikuwa wamejua kwa miaka. Jopo la wanaume likamtia hatiani mwaka 1901. Mahakama ya juu ya jimbo ikaibatilisha hukumu mwaka uliofuata. Kesi ya pili, mwaka 1903, jopo likashindwa kukubaliana, na mambo yakaishia hapo. Glaspell akaacha kazi ya gazeti. Miaka kama kumi na mitano baadaye akaliandika jambo lile kama tamthilia, Trifles, mwaka 1916, na mwaka 1917 kama hadithi fupi, A Jury of Her Peers. Kichwa hicho kinagusa kanuni ya kale kwamba mshtakiwa ahukumiwe na walio sawa naye. Wanawake wa Iowa hawakuwa wakikaa kwenye majopo hayo, na haki ya kupiga kura kwa wanawake wa nchi nzima ilikuwa bado miaka mitatu mbele.

Kwenye hadithi, Minnie Wright yuko mahabusu. Mumewe amekutwa amenyongwa kwa kamba kitandani. Minnie mwenyewe hatumwoni hata mara moja. Asubuhi yenye baridi kali wanafika nyumbani kwake sherifu, mwendesha mashtaka na jirani, Bwana Hale, pamoja na wake wawili: Bi Hale, na Bi Peters mke wa sherifu, waliokuja kumchukulia mfungwa nguo. Wanaume wanatafuta sababu ya mauaji. Wanaangaza macho jikoni, mmoja anasukuma sufuria kwa mguu, anaona taulo chafu, anatoa maneno kuhusu mwanamke asiyejua kutunza nyumba. Jikoni hakuna kitu, wanasema, ni vitu vya kike tu. Wanapanda ghorofani, kisha wanaenda bandani.

Wanawake wanabaki jikoni, nao wanaanza kusoma. Sukari imemiminwa nusu kwenye ndoo, nusu imeachwa kwenye mfuko wa karatasi. Meza imefutwa upande mmoja. Ni nini kilichomkatiza? Chupa za matunda aliyoyahifadhi kwa jasho la kiangazi chote zimepasuka kwa baridi, imebaki moja. Wanakuta vipande vya mfarishi aliokuwa akiushona: mishono imenyooka, safi, mpaka kipande cha mwisho, ambapo sindano imekwenda ovyo kama ya mtu asiyejua anachofanya. Bi Hale anaifumua mishono ile mibaya na kuishona upya. Anafanya hivyo kabla hajajua kwa nini, na hapo ameshaharibu ushahidi. Halafu kuna tundu la ndege, mlango wake umeng'olewa kwenye bawaba. Halafu kuna kisanduku kizuri, na ndani yake chiriku amefungwa kwa kitambaa cha hariri, shingo imesokotwa.

Minnie alikuwa mwimbaji kabla hajaolewa. Bwana Wright hakutaka hata simu ya kuchangia na majirani, alisema watu wanaongea mno. Hapa Glaspell anafanya alichofanya Chopin. Bi Hale anapoulizwa kuhusu marehemu anasema alikuwa mtu mwema kwa jinsi watu wanavyopima: hanywi pombe, hatapeli, analipa madeni yake. Mtu wa namna hiyo hakuna mahakama itakayomshtaki. Hakuna kosa la jinai linaloitwa kunyamaza mezani kwa miaka ishirini. Kwa hiyo wanaume walioko ghorofani hawawezi kuiona sababu ya mauaji hata wakiikanyaga, kwani sheria wanayoibeba haina mahali pa kuiandika.

Bi Peters anasitasita kwa muda mrefu. Ameambiwa yeye ameolewa na sheria. Kinachomgeuza ni kumbukumbu mbili: paka wake mdogo aliyeuawa na mvulana mbele ya macho yake alipokuwa mtoto, na ukimya wa nyumba yake ya Dakota baada ya mwanawe wa kwanza kufa. Bi Hale naye anajilaumu. Nyumba ya Minnie haikuwa mbali, na kwa miaka hakwenda kumjulia hali. Hilo, anasema, nalo lilikuwa kosa, na nani atalihukumu? Nadhani Glaspell alikuwa anawazungumzia majirani wa Hossack, na labda mwandishi mmoja kijana wa gazeti. Wanaume wanarudi. Kisanduku kinaingia mfukoni mwa koti la Bi Hale.

Wanasheria waliomo ukumbini watasema hawa wawili wameficha ushahidi kwenye kesi ya mauaji, nami sina hoja ya kuwashinda. Wright amekufa, na kunyamaza mezani hakumpi mtu idhini ya kumnyonga mwenzake. Ila hadithi haituulizi kama Minnie ana hatia. Inatuuliza kama watu wanaotaka kumhukumu wanaweza kuusoma ushahidi ulio mbele yao, na jibu lake linatia aibu. Wanaojua kusoma hawaruhusiwi kukaa kwenye jopo. Wanaokaa kwenye jopo wanapita jikoni wakicheka. Kati ya makundi hayo mawili hakuna njia halali, kwa hiyo wanawake wanachukua isiyo halali. Kila nikiisoma naungana nao, na kila nikifunga kitabu najiuliza kama nimefanya sawa.

Waandishi wakubwa nao si salama kwenye jambo hili la kumsoma mwanamke. Mwaka 1899 Anton Chekhov alichapisha hadithi ya Olenka, mwanamke ambaye kila anapoolewa hubeba maoni ya mume: na mwenye ukumbi wa maonyesho anaongelea maonyesho, na mfanyabiashara wa mbao anaongelea mbao, na alipokuwa na daktari wa mifugo akawa na msimamo kuhusu magonjwa ya ng'ombe. Akiwa peke yake hana neno la kusema. Tolstoy aliipenda mno, akaiweka kwenye mkusanyiko wake na kuandika maelezo mwishoni: kwamba Chekhov alikusudia kumlaani mwanamke huyu lakini, kama Balaamu wa kwenye Biblia, akajikuta anambariki, maana kujitoa namna ile ndiyo kazi takatifu ya mwanamke. Maelezo yenyewe ni mazuri kuyasoma. Ni mazuri kama ile taarifa ya madaktari wa Louise Mallard. Chekhov mwenyewe hakutuambia Olenka ni wa kucheka au wa kuheshimu. Alimaliza kwa mtoto wa kiume ambaye Olenka sasa amemhamishia mapenzi yote, akiweweseka usingizini na kumfukuza mtu.

Nimalizie na hadithi ambayo Chopin aliiandika Julai 1898 na hakuipeleka kwa mhariri yeyote. Ilichapwa mwaka 1969, miaka 65 baada ya kifo chake, pale msomi wa Norway, Per Seyersted, alipozikusanya kazi zake zote. Inaitwa The Storm, yaani dhoruba. Calixta yuko nyumbani anashona. Mumewe Bobinôt na mtoto wamekwama dukani kwa mvua. Alcée, mtu waliyependana zamani, anapita na farasi na kuomba hifadhi. Kinachofuata mnaweza kukikisia. Mvua inakatika, Alcée anaondoka, Bobinôt anarudi na kopo la kamba wa baharini kama zawadi, akihofia kugombezwa kwa matope, na anapokewa kwa furaha isiyo ya kawaida. Sikusimama hapa kutetea zina, na sheikh au padri aliyemo humu anisamehe. Wasomaji wengi wanaishia hapo, wakikasirika au wakishangilia.

Mimi huwa namtazama mtu wa nne, ambaye hayupo hata kwenye kijiji hicho. Clarisse, mke wa Alcée, yuko mapumzikoni Biloxi na watoto. Usiku ule Alcée anamwandikia barua ya mapenzi: asiharakishe kurudi, kama hali ya hewa inawafaa wakae hata mwezi zaidi. Clarisse anaipokea kwa furaha. Anampenda mumewe, lakini hii ndiyo pumzi yake ya kwanza tangu aolewe, na faragha ya unyumba ni kitu anachoweza kuishi bila nacho kwa kitambo bila shida yoyote. Mume anadhani ameficha jambo lake kwa ukarimu. Mke anadhani amepata mume mwelewa. Kila mmoja amemsoma mwenzake vibaya, hakuna daktari aliyeitwa, hakuna sherifu aliyepanda ngazi, na watu wote wanne wako hai. Sioni mhariri wa mwaka 1898 ambaye angeichapa, na nadhani Chopin naye hakumwona.